Bi Kidawa na Shamba Lililozibwa Pua

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakibisha hodi na kuambiwa karibu, palikuwa na bonde moja kando ya mto. Katika bonde hilo alikaa Digidigi mmoja wa kike, jina lake Bi Kidawa.

Mnamjua digidigi? Ni paa mdogo sana. Mguu wake mwembamba kama kijiti cha mshikaki. Lakini jicho lake, loo! Jicho lile halipitwi na kitu.

Mumewe aliitwa Makame. Madigidigi wakishaoana, wameoana. Ukimwona mmoja, mwenziwe yuko karibu. Basi Makame akaugua, akafa. Sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Majirani wakaja. Kifaru na Tembo wakachimba kaburi pembeni mwa shamba, maana mila ya bonde ilikuwa hivi: mfiwa hachimbi. Mfiwa hukaa mkekani akalia, na wenye nguvu ndio wachimbao. Wakamzika Makame, wakala boga la msibani, wakatupa mbegu huko nje, wakaenda zao. Nyumbani akabaki Bi Kidawa, na kata ya maji ya marehemu imening'inia ukutani. Nyumba ya msiba ina ukimya wake, wanangu. Hata kata ukiitazama, unaona kama inakusikiliza.

Tanga la msiba lilipoanuliwa tu, hata mkeka haujakunjwa, mlango ukagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi humu!"

"Karibu, Mwenyekiti."

Alikuwa Kiboko, mwenyekiti wa bonde. Alijaribu kuingia, tumbo likakataa. Akasemea mlangoni.

"Bi Kidawa, pole sana."

"Nimeshapoa."

"Nina neno. Shamba hili alikuwa akililima marehemu. Wewe na miguu hiyo utalimia nini? Nasi wakubwa tunahitaji njia ya kwenda mtoni."

"Njia ipo, Mwenyekiti. Inapita kule kwenye mkuyu."

"Ile inazunguka!" Kiboko akajipiga tumboni. Pu! "Mwili huu uzungushwe? Sheria ya bonde unaijua. Shamba lisilozaa msimu mzima ni njia. Mimi si mwonevu, nakupa msimu huu. Lisipozaa, ufunge virago."

"Na likizaa?"

Kiboko akacheka mpaka mlango ukatikisika. "Likizaa, hakuna mkubwa atakayelitia mguu tena. Wallahi!"

"Umeapa, Mwenyekiti."

"Nimeapa!"

Akaondoka akicheka, kwa maana alijua alilopanga. Kesho yake, Bi Kidawa hajamaliza hata kupanda mbegu zake, akasikia ardhi inalia. Tii! Tii! Tii! Kiboko mbele, Kifaru katikati, Tembo nyuma, wanakatiza katikati ya shamba.

"Jamani! Mnapita shambani kwangu!"

"Shamba?" Kifaru akageuka huku na huku. "Mimi sioni shamba. Naona njia changa."

"Tunaizoea mapema, shemeji," Tembo akasema, na macho yake hayakumtazama.

Wakawa wanapita kila siku, kwenda na kurudi. Udongo ukashindiliwa, ukawa kama sakafu. Mvua za kwanza zikanyesha, maji yakasimama juu yake kama chai kwenye sinia, hayaendi chini, hayaendi kokote. Mbegu zilizoota zikatoa majani madogo ya manjano. Kiboga kimoja kikajitahidi kikafika ukubwa wa ndimu, kikaoza.

Kila jioni Kiboko alipita akauliza, "Vipi, Bi Kidawa, tulete fundi wa kupanua mlango ndipo tuweze kubeba maboga?"

Bi Kidawa alikwenda kwenye kaburi la mumewe, akamwombea, akakaa.

Siku moja yuko pale, ameinamisha kichwa, pua yake ikagusa jani. Jani kubwa, bichi, pana kama ungo. Akafunua macho. Zile mbegu za boga la msibani zilikuwa zimeota juu ya kaburi, na mche wake umetambaa hadi kwenye mkonge uliokuwa kando. Chini ya jani kuna boga. Boga hasa, linalohitaji mikono miwili.

"Subhanallah!" akasema. "Mvua ile ile. Mbegu zile zile. Kwa nini hapa?"

Akagusa udongo wa kaburi kwa kwato. Mguu ukazama chini, taratibu, mpaka goti. Akainusa ile ardhi. Ilinukia mvua. Akaenda shambani, akagonga. Ko! Ko! Kama anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Akasimama katikati, shamba huku, kaburi kule. Akafikiri polepole.

"Huu ulichimbwa," akajiambia. "Ukageuzwa, hewa ikaingia. Tena haukanyagwi, maana hakuna anayethubutu kukanyaga kaburi. Mzizi nao una pua yake. Mungu alipomuumba kiumbe kwa udongo, alimpulizia pumzi. Na hili shamba wameliziba pua."

Akaitazama miguu yake. Hawezi kuchimba sakafu ile. Akafikiri tena. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, Bi Kidawa akatabasamu.

Siku zile alikusanya mabua makavu, magunzi, nyasi kuukuu na samadi iliyokauka. Akavifunga vifurushi, kila kifurushi urefu wa digidigi, akavizungushia majani ya mgomba. Ninyi nawaambia. Wale wakubwa hawakuambiwa.

Asubuhi moja akajitanda mtandio mweusi, akaenda kwa Kiboko.

"Mwenyekiti, nina wa kuzika."

Kiboko alikuwa anatafuna. Akaacha. "Tena?"

"Mila inasemaje kuhusu mfiwa?"

"Mfiwa hachimbi."

"Na anayekataa kuchimba kaburi la mwenzake?"

Kiboko akameza tonge bila kulitafuna. Kila mnyama bondeni aliujua msemo ule: asiyechimba la mwenzake, lake litachimbwa na mvua. Kiboko akalitazama tumbo lake. Kaburi lake lingekuwa kazi ya bonde zima.

"Kifaru!" akaita. "Tembo! Leteni majembe! Kuna msiba!"

Wakafika shambani. Vifurushi vimepangwa safu, kimya.

Tembo akashusha masikio. "Lahaula! Bi Kidawa, ukoo mzima?"

"Mfiwa haulizwi, Tembo. Chimba."

"Wapi?"

"Pale mnapopita."

Kifaru akainamisha pembe. Kruuu! Sakafu ikapasuka. Tembo akang'oa mabonge kwa meno yake, akayaponda kwa mkonga. Pwaa! Pwaa! Kiboko akazoa udongo kwa mdomo, mdomo ule mnaujua, mara moja ni pakacha zima. Jasho likawatoka. Bi Kidawa amekaa mkekani, anavuta uradi.

"Huyu mbona mwepesi?" Kifaru akauliza, amebeba kifurushi.

"Umeona lini digidigi mzito?"

"Kweli."

Kiboko akajisafisha koo. "Haya, tusimame safu tuwasalie."

Bi Kidawa akasimama haraka. "Hapana! Sala ya maiti haisaliwi hapa. Mungu hachezewi. Fukieni tu."

Kiboko akamnong'oneza Tembo, "Labda ndiyo mila ya madigidigi."

"Mimi sijui. Fukia."

Wakafukia, tuta baada ya tuta. Kifaru akainua mguu. "Nishindilie?"

"Thubutu!" Bi Kidawa akapaza sauti mpaka Kifaru akarudi nyuma na kuliangukia jembe. "Wekeni udongo kama mnamfunika mtoto shuka. Asikanyage mtu!"

Wakaweka udongo kama shuka. Walipoondoka, hakuna hata mmoja aliyekatiza katikati. Walizungukia kwenye mkuyu, vichwa chini. Naye Bi Kidawa akapita juu ya matuta kwa miguu yake ya vijiti, hata udongo haukujua kama kuna aliyepita, akafukia mbegu za maboga na matikiti kidole kimoja chini.

Mvua ikaja. Safari hii maji hayakusimama. Yalizama, chuuu, kama maji kwenye koo la mfungaji saa ya futari. Mizizi ikashuka kati ya mabua na magunzi, mahali palipokuwa na hewa, ikapumua, ikanywa, ikashuka tena.

Baada ya muda Kifaru akachungulia kutoka mkuyuni. "Mwenyekiti, makaburi yameota majani."

"Hata la Makame liliota," Kiboko akajibu. "Punguza maneno."

"Yameota maua ya njano."

"Kifaru! Utatuletea mikosi. Tembea."

Wakatembea. Msimu ukaenda hivyo, wakubwa wakizunguka na kuhema, wala hawakunyanyua macho.

Siku ya mavuno ikafika. Kiboko akawakusanya wanyama wote wa bonde. Alivaa kanzu yake ya kikao, imembana kwapani.

"Ndugu zangu, msimu umekwisha. Tunakwenda kumtoa Bi Kidawa kwa wema. Asiyezaa, apishe."

Wakaenda. Walipofika, yule aliyekuwa mbele akasimama ghafla, wa nyuma wakamgonga. Gubu! Gubu!

Bi Kidawa alikuwa amefyeka majani yaliyokauka. Juu ya kila tuta yamelala maboga. Si maboga ya kubeba kichwani. Maboga ya kusukumwa na wawili. Na matikiti, ya kijani yenye mistari, kila moja kama ndama aliyejikunja. Sungura mmoja alikwenda kusimama nyuma ya boga, hakuonekana hata masikio.

Kiboko akapasua kanzu kwa kuvuta pumzi. "Makaburi yamezaa maboga?"

Bi Kidawa akaenda kwenye tuta la mwisho, akafukua kidogo kwa kwato. Likatoka gunzi. Likatoka bua, limeoza nusu, na minyoo inacheza. Mzizi mweupe umelizunguka kama kamba.

"Hapa ndipo hewa inapopita," akasema. "Ardhi ilikuwa imezibwa pua. Mmeizibua wenyewe, majirani zangu, na Mungu awalipe."

Wanyama wadogo wakaanza kucheka, kwanza chinichini, halafu hadharani. Kwi kwi kwi! Hata Tembo mkonga ukamtikisika.

"Umetudanganya!" Kiboko akanguruma. "Ulisema una maiti!"

"Nilisema nina wa kuzika. Nitajie jina la maiti niliyemtaja."

Kiboko akageukia matuta.

"Basi nayavunja yote!" Akainua mguu juu ya tuta la kwanza, mguu ule ule, mzito kama kinu. Wanyama wakapiga ukelele. Bi Kidawa akaruka, akasimama chini yake, juu ya tuta, kivuli cha mguu kimemfunika mzima. Hakutetemeka. Aliyekwisha kumfukia aliyempenda ataogopa kishindo gani?

"Mwenyekiti, kabla hujashusha mguu, nijibu mbele ya bonde lote. Haya ni makaburi, au ni shamba?"

"Nini?"

"Kama ni makaburi, kaburi halikanyagwi. Nawe ukilikanyaga, siku yako ikifika nani atachimba? Watu wote hawa wameona."

Kifaru akatazama ardhini. Tembo akasema polepole, "Mimi sitachimba."

"Ni shamba!" Kiboko akapayuka. "Si makaburi, ni shamba!"

"Vizuri. Ni shamba. Limezaa au halijazaa?"

Kiboko akatazama maboga. Maboga yakamtazama.

"Li... limezaa."

"Na uliapa nini mlangoni kwangu, mkeka wa msiba haujakunjwa?"

Mguu ukabaki hewani. Ulianza kumuuma, maana Kiboko hakuumbwa kusimama kwa mitatu. Mwisho akaurudisha taratibu, nyuma, nje ya shamba, mahali ulipotoka.

"Sema uliloapa," Bi Kidawa akamwambia. "Wadogo nao wasikie."

"Likizaa... hakuna mkubwa atakayelitia mguu tena."

Vigelegele vikapanda. Bi Kidawa hakupiga. Alichagua boga moja zuri, akamwomba Tembo amtwishe Kiboko kichwani.

"Hili ni lako, Mwenyekiti. Ulichimba, ule. Nenda nalo nyumbani salama." Kisha akaelekeza kwa kidevu. "Pitia kwenye mkuyu."

Naye Kiboko akapitia kwenye mkuyu, boga kichwani, kanzu imepasuka, njia ndefu yote ile, mpaka akapotea machoni.

Siku ile kila nyumba bondeni ilipika boga. Boga moja tu Bi Kidawa hakulichuma, lile la kwanza, la kwenye kaburi. Alikwenda akakaa kando yake, akamwagia udongo maji kwa ile kata ya marehemu, akasema, "Makame, shamba lipo."

Mimi nimemaliza, wanangu, ninyi shikeni hili: ardhi na mnyonge wote hufa wakikanyagwa hadi wakakosa pumzi, lakini ardhi haijui kusema, mnyonge anajua.