Vitambaa vya Kanga na Somo wa Mtoto

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni hukumu ni yenu.

Palikuwa na wanawake watatu mjini Korogwe, kila mmoja na kipaji chake, na hakuna aliyevisifu vipaji hivyo kuliko wao wenyewe. Mwanahawa alijua nguo. Akigusa kitambaa hukwambia umri wake. Mashavu, fundi cherehani wa jirani, alipinda pindo lisilofumuka. Bi Chausiku alijua kufua. Doa la kumshinda halijazaliwa.

Kati yao alikuwepo Mwinjuma, mwana wa Bi Chausiku. Mkewe, dada yake Mwanahawa, alifariki akijifungua, akamwachia binti. Binti hakuwa na jina bado: mapaja yalikuwa yamechubuka, na bibi yake alisema mtoto mgonjwa hafanyiwi akika.

Kilichomchubua ni vile vitambaa vya dukani vyenye marashi, vya kumfuta mtoto na kutupa. Mtaa mzima ulivitupa mtaroni. Mvua ikinyesha, watu walisimama na maji magotini wakimlaumu mwenyekiti. Mwinjuma aliwadharau. Vyake navyo vilikuwemo humo.

Mwanahawa akasema, "Shemeji, tumia vya kanga, vinafuliwa." Kwa kuogopa kusemwa kuwa anampa mtoto matambara, akaleta kanga mpya. Rangi ikachuja, mtoto akawa na matako ya samawati.

"Umempaka rangi kama mlango," alisema Bi Chausiku.

Mwanahawa alikwenda kwake, akatoa kanga za marehemu, kuukuu, laini. Alizirithi yeye, na hakuwa na kingine cha dada yake. Akazikata kwa mkono wake.

Kanga kuukuu hutoa nyuzi. Uzi mmoja ukamkaba mtoto kidole. Mashavu akaweka kando sare za harusi, wateja wakifoka mlangoni, akapinda kila kipande pindo bapa lisilokwaruza. "Bibi harusi atangoja," aliwaambia. "Huyu hangoji."

Bi Chausiku akafua, kisha akavitia wanga, kama alivyotia kanzu za marehemu mumewe. Vikakauka kama mbao.

"Mama, tunamfuta mtoto au tunampiga?" aliuliza Mwinjuma.

"Nguo bila wanga ni uvivu," alijibu. Lakini wanga akauacha. Tangu hapo alivichemsha kila siku na kuvianika juani, macho mekundu kwa moshi, vidole vimepasuka kwa sabuni.

Ngozi ikapona. Taka za nyumba ile zikabaki maganda ya ndizi tu. Siku ya akika ikawadia.

Katika ukoo wao, mtoto aliyefiwa na mama hupewa jina la mwanamke aliyemvusha. Huyo huwa somo wake, na ndiye anayemchukua kumlea.

"Bila kanga zangu, mngepinda nini?" aliuliza Mwanahawa.

"Na bila pindo langu, mngemfuta kwa kamba?" alisema Mashavu.

"Bila mimi," alisema Bi Chausiku, "mngekuwa na furushi la mavi lililopindwa vizuri."

Mwinjuma aliwatazama kwa dharau. Wanawake wazima, wakigombea sifa ya matako. Marehemu mkewe angewanyamazisha kwa jicho moja. Lakini mtoto alikuwa akipokezanwa mikononi mwao huku wakizozana, na hakulia kwa yeyote. Kwa baba yake hulia.

Sheikh akainama. "Baba, jina?"

Jina ni moja, na nyumba atakayolala mtoto ni moja. Ninyi mnaosikiliza, mngemnong'oneza sheikh jina la nani?