Nani Mwenye "Ndama Anywe"?

Hapo zamani, enzi ambazo redio moja ilitosha kitongoji kizima, aliishi Ugogo mwanamke aitwaye Foibe. Alikuwa ameolewa karibuni, na mwaka ule ule mvua ilikataa. Mto ukabaki mchanga mtupu. Wanawake wakachimba visima katikati ya mto, vya kumzamisha mtu mpaka kiunoni, wakachota maji kata kwa kata.

Foibe alikuwa na ndama aliyefiwa na mama yake. Ndama huyo alikataa maji. Ukimsogezea chombo, anageuza shingo. Ukimlazimisha, anarusha teke, maji yanamwagika, na maji yenyewe ndiyo hayo ya kuchimbua. Siku moja Foibe, amechoka kugomba, akaanza kuimba puani, bila maneno. Alipoinama kuchota, sauti ikakatika. Alipoinuka, ikaendelea. Ndama akasimamisha masikio. Akasogea. Akanywa.

Toka siku hiyo, pasipo sauti ndama hanywi.

Kando ya mto ilipita njia ya mnadani, na njiani alipita Chidawali, mpiga zeze. Mnalijua zeze: kibuyu, nyuzi mbili, na uta wa kuzisugulia. Chidawali akasikia, akasimama. Kesho yake akapita tena, ingawa haikuwa siku ya mnada. Siku ya tatu akajifanya anatoa mwiba mguuni.

"Shemeji," akaita kutoka ukingoni, "wimbo huo ni wa nani?"

"Si wimbo. Nambembeleza ndama anywe."

"Basi nipe."

Foibe akacheka ndani ya kisima. "Kitu kisicho wimbo nitakupaje?"

Chidawali naye akacheka, akaenda zake. Lakini alikwenda nacho.

Alikaa nacho mpaka masika. Mkewe, Matalena, akimwita chakula, haji. Akimtuma kuni, anarudi mikono mitupu, sauti ile ikimvuma mdomoni. Ile sauti ya Foibe ilikuwa inapanda tu, kama mtu anayeuliza. Chidawali akaitafutia ya kushuka, ya kujibu. Mahali Foibe alipoinama, yeye akainua uta, akaacha kimya. Mvua zilipokuja na watu wakaanza kuoana tena, alipiga harusini, na watu waliokuwa wakila waliacha kula. Walipomwuliza jina la wimbo, akasema, "Ndama Anywe". Foibe alikuwapo. Akasikia mashavu yanapata moto, akajifunika khanga mdomoni.

Miaka ikaenda. Akaja Mwanaidi, mtu wa redio, mzaliwa wa pwani, na mashine yake ya kunasa sauti. Alitaka nyimbo za sifa, zenye maneno mazito, kwa kuwa ndizo alizotumwa. Chidawali akampigia za sifa. Ila alipokuwa anakaza nyuzi, vidole vyake vikajiendea kwenye ile nyingine.

"Hiyo!" Mwanaidi akasema. "Piga hiyo."

"Ya ndama? Hiyo haina maneno, dada. Hata sifa haina."

"Piga, kaka yangu. Mashine imeshawaka."

Wakubwa wa Mwanaidi walipousikiliza utepe huo, walisema ufutwe unasiwe kitu kingine. Nani atasikiliza wimbo usio na maneno? Mwanaidi akakataa. Akaufungia kabatini mwake, na kila alfajiri, panapobaki upenyo kidogo kabla ya taarifa ya habari, akaupiga. Hakuruhusiwa, akaupiga. Watu wakaanza kuamka nao. Waliohamia mbali wakauliza ule wa alfajiri ni upi. Masika iliyofuata Chidawali akashikwa na homa, akafa. Wanawe hawakuwahi kushika uta. Zeze likatundikwa ukutani, mende wakaingia kibuyuni. Duniani ulibaki utepe mmoja.

Sasa, huko Mpwapwa palikuwa na fundi baiskeli, jina lake Yeremia. Alfajiri alipokuwa anafungua kibanda, aliusikia wimbo ule, na moyo wake haukutulia. Akachonga zeze lake mwenyewe, akalitia nyuzi za waya wa breki. Asubuhi kwa asubuhi akaudokoa wimbo, kipande kwa kipande. Ila mwisho wake hakuupata, kwa sababu habari ziliukata kila siku. Akautungia mwisho. Akafunga njuga miguuni, ukachezeka.

Siku utepe wa Mwanaidi ulipochakaa ukakatika, usiungike tena, ni Yeremia aliyetafutwa akapatikana. Akaupiga, ukanaswa upya. Nao ukaenda kuliko wa kwanza. Ukapigwa kwenye mabasi, kwenye vilabu, kwenye sherehe za shule.

Foibe, sasa mwanamke wa mvi, alikuwa mashineni na uwele wake wa kusaga, redio ikaanza. Wanawake wakaweka chini ndoo, wakacheza. Foibe akabaki na ndoo yake mkononi.

Mwenye mashine akamwuliza, "Bibi, mbona huchezi? Au unaumwa?"

"Siumwi. Wameziba mahali pangu pa kuinama."

Hakuna aliyemwelewa. Ila neno lile lilitembea, kama maneno yanavyotembea, likamfikia Mwanaidi, akatambua kwamba bibi huyo anaujua wimbo toka mwanzo wake. Nalo lilimkuta na shida yake. Redio iliamua kufungua matangazo ya kila siku kwa "Ndama Anywe", na kabla ya zeze kuanza litajwe jina la mwenye wimbo. Jina moja, lisemwe kwa pumzi moja. Mwanaidi akamchukua Yeremia, wakaenda kwa Foibe. Matalena, mjane wa Chidawali, naye akaitwa. Wakakaa kwenye kivuli cha nyumba ya Foibe ya tembe.

Matalena ndiye aliyeanza. "Kila mwanamke wa hapa anabembeleza ng'ombe wake. Mbona sauti zetu sisi hazikufika popote? Mume wangu alilala nao, akaamka nao, mpaka nikauonea wivu kama mke mwenza. Foibe aliuliza tu. Aliyejibu ni Chidawali, na marehemu hana mdomo mwingine ila huu wangu."

Yeremia akasema, "Mama zangu, simvunjii marehemu heshima. Lakini mwisho mnaouimba ni wangu. Na utepe ulipokatika, wimbo ulibaki kwenye mikono hii tu. Ningekufa mwaka ule, leo tungekaa hapa tunagombea nini?"

"Na wewe mgeni," Matalena akamgeukia Mwanaidi, "mbona umenyamaza?"

Mwanaidi akatazama viatu vyake. "Mimi hata uta sijui unavyoshikwa. Nilikuwa na masikio tu. Lakini mwenyewe Chidawali aliniambia hauna sifa, na wakubwa wangu wakasema ufutwe. Niliusimamia peke yangu, nikijua naweza kufukuzwa. Bila alfajiri zangu, Yeremia angejifunza wapi?"

Wote wakamtazama Foibe.

"Mimi sikutaka wimbo," akasema. "Nilitaka ndama anywe, akanywa. Chidawali aliponiomba nilimwambia si kitu. Miaka yote hii najiuliza kama nilimpa au alichukua. Na msiniulize kama nataka jina langu litajwe, maana nikisema sitaki nitakuwa mwongo."

"Basi imba," Matalena akasema, bila ukali.

Foibe akaimba puani, kama kisimani. Akafika mahali, akanyamaza, kisha akaendelea. Yeremia akashtuka.

"Mama, hapo kuna shimo?"

"Hapo kulikuwa na maji, mwanangu. Nainama kuchota."

"Lo! Mimi nilidhani utepe umekwaruzika. Ndiyo maana nikapajaza njuga."

"Mume wangu hakupajaza," Matalena akasema polepole.

Yeremia akafungua njuga miguuni, akachukua zeze, akaupiga tena na kimya chake. Ukawa mtamu wa namna nyingine. Kisha vijana waliokusanyika ugani wakamsihi aupige na njuga. Akaupiga na njuga, na uga ukachezeka mpaka vumbi likatimka, na Foibe mwenyewe akajikuta kidole gumba cha mguu kinagonga chini. Akakitazama kama cha mtu mwingine. Matalena akamwona, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Wakala ugali wa uwele na mlenda. Mwanaidi akaaga. Hakuna aliyemwambia ataje nani, na yeye hakuuliza.

Siku ya kwanza ya matangazo hayo, kulipopambazuka, Matalena alikuja na kigoda chake kwa Foibe. Wakaiweka redio katikati yao. Yeremia alifungua kibanda mapema, akasimama na spana mkononi. Na Mwanaidi, mbele ya kipaza sauti, akavuta pumzi:

"Wasikilizaji, sasa mtasikia 'Ndama Anywe', wimbo wa..."

Haya, ninyi mlioketi hapa, mmewasikia wote. Aliyebembeleza, aliyejibu, aliyehifadhi, aliyefufua. Pumzi ya Mwanaidi ni moja na jina ni moja. Semeni: alistahili kutajwa nani?