Kamba ya Bi Sange Yapata Mshenga

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa shamba!"

"La nani?"

"La mwenye pua ndefu!"

"Na mlaji?"

"Mwenye tumbo lisilojaa! Sogeeni basi. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna kimyakimya."

Bi Sange, mnyama mdogo mwenye pua kama mrija, alikuwa na shamba la mahindi na watoto watatu. Mahindi yakikomaa tu, Nyani huyo! Achume, abane kwapani, atafune.

"Mzee Nyani, wanangu watakula nini?"

"Si wana pua? Wanuse!"

Bi Sange akalia mpaka pua ikavimba. Kisha akajifuta, akauchanja mbungo, mmea ule unaotambaa. Utomvu ukadondoka kibuyuni, ti, ti, ti. Ndani ya utomvu mna vitoto vidogo mno, havionekani kwa macho, na kila kimoja kina mikono miwili: mmoja umeshika cha mbele, mmoja cha nyuma, foleni ndeeefu. Akautia maji ya ndimu, ukaganda, akasokota kamba.

"Mzee Nyani, tupatane. Jifunge hii kiunoni, ncha nyingine naifunga kwenye mti huu wa mgunga. Utakachofikia ni chako, usichofikia ni cha wanangu."

Nyani akaijaribu, akacheka moyoni. Kumbe inavutika! Vuuuta, ikarefuka. Vuuuta, ikarefuka. Akala nusu ya shamba, akaifungua kamba kiunoni.

"Ahsante, jirani. Kesho niletee nyingine."

Kamba ikabaki imelala chini, imelegea kama tambi. Bi Sange akaiinamia kwa hasira.

"Nyie vitoto, mbona mmeniaibisha?"

"Tumeteleza, mama. Tunashikana foleni kwa foleni, ila foleni ya jirani hatujuani nayo."

"Ala! Kumbe mnataka mshenga!"

Akakimbia kwenye chemchemi ya maji moto, akakwangua ule unga wa njano unaoitwa kiberiti, akaukanda na utomvu mpya ulioganda, akasokota kamba nyingine, akaiweka karibu na moto.

"Hodi!" Kiberiti akabisha, mkono mmoja akashika foleni ya huku, wa pili akashika foleni ya kule. Akafanya hivyo hapa, akafanya na pale, mpaka foleni zote zikawa wakwe.

Kesho yake Nyani akaja, akajifunga kamba mpya.

"Mbona inanuka?"

"Nimeitia kiberiti."

"Kiberiti! Mbona haiwaki?"

"Itawaka tu, mzee wangu."

Vuuuta, ikarefuka. Vuuuta, ikarefuka. Mbele yake hindi nono, limejaa kweli. Akalirukia kwa mikono miwili, miguu ikaachana na ardhi. Chwaaa! Kamba ikamrudisha kinyumenyume. Pwaa! Makalio kwenye mgunga.

"Ifungue kamba basi," Bi Sange akamwambia.

"Hindi moja tu!"

Vuuuta. Chwaaa! Pwaa!

"Moja tu!"

Vuuuta. Chwaaa! Pwaa! Mpaka makalio yakawa mekundu, na hadi leo ni mekundu.

"Yanawaka! Yanawaka jamani!"

"Si nilikwambia?"

Nyani akakata kamba kwa meno, akatokomea. Watoto wa Bi Sange wakachoma mahindi, wakala, wakacheua.

Hadithi nimeifunga fundo, atakaye aifungue. Na funzo lake ni hili: kila mtu akae kivyake, asimshike mwenzake mkono, na mtu akitaka kuoa asitume mshenga. Mnabisha? Kamuulizeni Nyani. Ila msimkaribishe kiti.