Pelele na Maji Yaliyogoma Kutakata

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni. Kale, kale ile ya wanyama kusemezana, alikuwako Pelele. Mnamjua Pelele, yule pimbi: mnene, ana masharubu, mkia hana. Asiye na mkia hutafuta sifa pengine, na Pelele alizitafuta kwenye usafi. Asubuhi anafagia. Adhuhuri anafagia. Jioni anafagia tena, hata vumbi lenyewe likamchoka. Mbele ya nyumba yake mwambani palikuwa na shimo la jiwe, kubwa kama chungu cha harusi. Alilisugua kwa majivu na mchanga, kwaru-kwaru, huku akiimba:

Kwangu kwang'ara, e, kwangu kwang'ara!
Njooni majirani, kwangu kwang'ara!

Mwaka huo jua likawaka. Mto ukakauka, pakabaki kidimbwi cha tope. Humo alikaa Mama Perege, samaki mwenye watoto saba.

"Bwana Pelele," akasema, "mimi tope nitalistahimili. Hawa wadogo hawatafika masika. Nihifadhie."

"Walete, dada yangu! Kwangu hata nzi hunawa miguu kabla ya kutua!"

Mama Perege akawaingiza watoto kwenye kibuyu, mmoja mmoja. Kisha akamwonyesha jiwe la kidimbwini, limeota ute wa kijani, na juu yake amejishikiza Bi Konokono. "Chukua na hili. Waweke na jiwe la kwao."

Pelele akakunja pua, lakini akalichukua. Akajaza shimo lake maji ya chemchemi, maangavu. Watoto wakaingia, chubwi! chubwi! mara saba. Na mgeni ni mgeni, mwenyeji hamwachi na sahani tupu. Pelele akamwaga chenga za mtama asubuhi, akamwaga mchana, akamwaga jioni.

"Mjomba, tumeshiba."

"Kwangu mgeni hashibi! Kuleni!"

Chenga zikazama. Zikalala chini. Zikaoza.

Siku ya tatu, lo! Maji meupe, kama yale ya kuoshea mchele. Na siku hiyo hiyo Ngedere akapita na mkewe kuwaona wageni. Akachungulia. "Haya, Bwana Msafi! Mbona leo umewapikia uji?" Wakacheka, kwa! kwa! kwa! Mlima mzima ukasikia.

Aibu, jamani. Ilimpanda Pelele kutoka kwenye kucha hadi masikioni. Na mwenye aibu hutafuta wa kumtwika. "Ni huyu!" akapiga kelele. "Huyu Konokono na ute wake!" Akamshika na jiwe lake, akamtupa nalo bondeni, pu! Gamba la Bi Konokono likapata ufa.

Pelele akawarudisha watoto kibuyuni, akamwaga maji yote, akasugua shimo, kwaru-kwaru, akatia maji mapya. Yakang'ara siku mbili. Ya tatu, meupe tena. Watoto wote wako juu, midomo nje, pa, pa, pa.

"Mjomba," akasema kitinda mimba, "matamvua yananichoma. Pumzi haiingii."

Pelele alimsikia. Hilo msilisahau, alimsikia vizuri. Lakini kwanza alitazama njiani, kama yuko mtu anakuja.

Akasugua tena. Meupe. Mtoto mmoja akaelea ubavu. Akasugua tena. Wa pili akaelea. Pelele akafunika shimo kwa majani, majirani wasione. Akasugua tena. Wa tatu akaelea, na huyo ndiye aliyekuwa kitinda mimba.

Hapo Pelele akaketi chini. Hakuimba. Aliyejua maji ya kidimbwi alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyemtupa. Akateremka bondeni, macho chini.

"Bi Konokono, sina uso wa kukutazama. Lakini nimekuja."

"Uso unao. Umeuosha mno tu."

"Watoto wanakufa. Nisaidie."

Bi Konokono akatoa pembe zake taratibu. "Maji yako yalikuwa machanga, Bwana Pelele. Samaki akila, anakunya. Kinyesi kikioza, na chakula kikioza, hutoka sumu. Inachoma matamvua hata maji yakiwa maangavu. Kwenye ute wa jiwe hili wanaishi vijidudu wadogo, hawaonekani. Wa kwanza huila sumu ile wakaigeuza, bado kali. Wa pili huipokea wakaifanya mbolea ya mimea. Lakini wanataka siku nyingi wazaane. Wewe kila walipoanza kushika ukuta, uliwakwangua kwa majivu."

"Na ule weupe?"

"Hao ni wengine, waliokimbilia mtama wako uliooza. Karamu ikiisha, nao wangepungua."

"Nifanye nini?"

"Rudisha jiwe. Lisha kidogo sana, leo ndiyo, kesho hapana. Kila siku toa kibuyu kimoja cha maji, tia kimoja. Na hiyo mikono yako, ikalie."

Pelele akambeba Bi Konokono na jiwe lake kichwani, mchana kweupe, akapita mbele ya Ngedere. Akaondoa majani juu ya shimo. Ngedere akacheka. Pelele akaliteremsha jiwe majini. Siku ya tano, meupe. Siku ya kumi, weupe umepungua kidogo. Mikono ikamwasha kusugua, akaikalia. Mwezi ulipoandama mara ya pili, maji yakatulia. Kuta zikaota ute wa kijani, na watoto wanne waliobaki wakawa wanaudonoa.

Masika yakaja, mto ukajaa. Pelele akashuka na kibuyu. Njiani akatunga neno: "Nitasema korongo aliwala." Uongo mtamu, akaumung'unya njia nzima.

Mama Perege akahesabu. "Mmoja, wawili, watatu, wanne." Akangoja. "Wengine?"

Pelele akafungua kinywa. Korongo alikuwa palepale ulimini. Akammeza.

"Nimewaua mimi," akasema. "Jiwe lako nililitupa. Mdogo wao aliniambia anaungua, nami nikatazama nani ananiona."

Mama Perege akazama. Akakaa chini kabisa, kitambo kirefu. Pelele hakuondoka. Mwisho akaibuka.

"Kiangazi kitarudi," akasema. "Na nikizaa tena, nitakuletea wewe."

"Mimi? Mama, nipige! Nitukane! Usinipe watoto."

"Nimpe nani? Ngedere? Bi Konokono hana mikono ya kubeba kibuyu, na mlima mzima hakuna mwingine anayejua maji ila wewe. Na kujua kwako kumenigharimu watoto watatu."

Fimbo ingemuuma Pelele kidogo kuliko neno lile. Akapanda mlima polepole, na tangu siku hiyo hajaimba.

Haya, wakubwa kwa wadogo, nanyi mnaosugua vyungu kabla wageni hawajafika, sikieni. Kitu kichanga kipe siku zake. Na mtu akikwambia "naungua", zima moto kwanza, aibu baadaye.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyechomwa nayo aibebe pia.