Fisi Alivyofika Themanini

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na gari.

Likaenda wapi?

Halikwenda. Kaeni vizuri niwaambie. Mimi huhadithia polepole. Mwenye haraka atangulie, tutamkuta njiani.

Alikuwapo Bi Nguchiro, mjane. Mumewe, Mungu amrehemu, alimwachia pikapu moja kuukuu ya rangi ya udongo. Gari hilo ndilo lililopeleka wagonjwa wa mtaa mzima kwa mganga, na ndilo lililombeba mumewe mara ya mwisho. Baada ya maziko likafunikwa turubai gubigubi, likafungwa kamba. Bi Nguchiro akakaa eda, gari nalo likakaa. Miezi minne na siku kumi hakutoka, nalo halikutoka.

Eda ilipokwisha, akaliwasha. Ngurrr! Likaenda kisimani, likarudi. Lakini mshale wa spidi ulilala kwenye sifuri, haukutikisika. Akalifunika tena.

Fisi akasikia. Huyu ndiye aliyekula matangani kuliko wafiwa wote. Akaja akicheka.

"Shemeji, pole na msiba."

"Tumeshapoa, Bwana Fisi. Karibu."

"Nasikia mshale wa gari lako haupandi."

"Haupandi."

"Kitu kisichopiga moyo kinaitwaje?"

Fisi akajijibu mwenyewe:

"Kinaitwa mzoga. Na mizoga yote ya nchi hii ni ya nani?"

"Ni yako, Bwana Fisi." Ndivyo sheria ilivyokuwa, na wanyama waliikubali tangu zamani.

"Basi Jumamosi nakuja kuchukua mzoga wangu."

Jumamosi asubuhi Bi Nguchiro akatawadha, akaswali, akafunga kanga kiunoni. Akapitisha mkono wake mwembamba nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mkono wa fundi mnene haufiki. Mumewe alikuwa amemwonyesha: mshale huzungushwa na waya mrefu uliomo ndani ya mpira, unaotoka kwenye giaboksi. Akafungua nati, akavuta. Kwi, kwi, kwi! Waya ukatoka mzima, haukukatika popote. Ila ulikuwa mkavu, na grisi yake imekuwa ngumu kama ugali wa jana.

"Hukufa wewe," akauambia. "Ulikuwa eda tu, kama mimi."

Akauosha kwa mafuta ya taa. Akaupaka grisi mpya. Akaurudisha taratibu, akiuzungusha, mpaka ncha yake ikanasa. Tik!

Ili kulijaribu gari bila kutoka uani, akainua nyuma kwa jeki, akaweka magogo chini ya ekseli. Magurudumu yakaachana na ardhi kwa vidole viwili tu, na majani yaliyoota wakati wa eda yakaficha yote. Akaingia chini ya turubai, akatia gia. Ngurrr! Magurudumu yakazunguka, gari halikwenda, mshale ukaamka. Kumi. Ishirini. Thelathini.

"Alhamdulillahi."

"Hodi!" Fisi huyo, na Mzee Kobe nyuma yake kuwa shahidi.

"Limepona, Bwana Fisi. Chungulia."

Fisi akachungulia. Uso ukamshuka.

"Huo ni uzima wa uani," akasema. "Nitaliendesha mwenyewe mpaka kwangu, ng'ambo ya kilima. Mshale ukilala njiani, ni mzoga."

"Na usipolala?"

"Litakuwa limeshafika kwangu. Litalala huko."

Bi Nguchiro akayatazama majani. Akamtazama Fisi. Akayatazama majani tena.

"Sawa, shemeji. Ukilifikisha kwako, lako. Ukishuka kabla hujafika, hutadai mzoga tena kwangu wala kwa mjane yeyote. Mzee Kobe, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Kobe.

"Nakubali!" akasema Fisi, ameshakalia kiti.

"Nikufungulie turubai upate kuona?"

"Ili ubadili mawazo? Acha! Njia ya kwangu naijua kwa pua."

Akafunga mlango. Ngurrr! Akakanyaga mafuta. Gari likatetemeka, vumbi likaruka, mabati ya jiko yakalia.

"Ishirini!" akapiga kelele humo ndani. "Kwaheri, mjane!"

"Safari njema!" akajibu Bi Nguchiro, akapepeta mchele.

"Arobaini! Nauacha mtaa!"

"Utuandikie!" akasema Kobe.

"Sitini! Napanda kilima!"

Bi Nguchiro akatoa jikoni chungu cha supu ya mifupa, akakivuta karibu na mlango wa gari, akakifunua. Fuuu! Mvuke ukaingia chini ya turubai.

"Themanini! Ehee! Nanusa mifupa! Nimefika kwangu!"

Fisi akazima injini, akafungua mlango kwa kishindo, akaruka nje kifua mbele.

"Mama watoto! Fungua zizi, nimeleta gari!"



"Mama watoto wako yuko ng'ambo ya kilima, bwana," akasema Kobe. "Hapa ni kwa mjane."

"Lakini nimefika themanini!"

"Umefika, shemeji, na sote tumekusikia," akasema Bi Nguchiro, akimpa bakuli. "Kunywa supu. Safari ilikuwa ndefu, na ya kurudi utaiendea kwa miguu."

Fisi akaenda kwa miguu, nyuma imemlegea kwa aibu, na hata leo hajainyoosha. Bi Nguchiro akatoa magogo, akafungua turubai, akampakia Kobe, wakaenda makaburini kumwombea marehemu. Walikwenda mwendo wa thelathini, na walifika.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: aminini mshale. Ukisema themanini, msisumbuke kutazama nje; mmeshafika.

Ngano yangu nimeizima injini hapa. Mwenye ufunguo wa nyingine na aiwashe.