Mama Mkwe na Kengele ya Hekalu la Kilimani

Isomeni hii polepole, hasa ninyi ambao chai hupoa kikombeni mkingali mnasema.

Katika kijiji kimoja cha Bara Hindi aliishi mjane aitwaye Jamna, mwenye mikono ya kazi na mdomo usiojua kupumzika. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Keshav, na Keshav alikuwa na mke, Hansa.

Hansa alikuwa mtu wa "ndiyo, mama" na "hapana, mama", basi. Jamna aliwaambia majirani, "Nilidhani nimeletewa mkwe, kumbe ni mtungi. Mpaka uugonge ndipo utoe sauti."

Siku moja Keshav akasema, macho yake chini, kwamba mavuno yakiisha yeye na mkewe watahamia mjini. Jamna alilizungumza jambo hilo tangu asubuhi hadi taa zikawashwa, wala hakupata jibu. Ndipo hofu ikamwingia. Nyumba nzima ile, abaki yeye na mbuzi?

Juu ya kilima kilichokitazama kijiji palikuwa na hekalu la Kihindu, la kale hata hakuna aliyejua nani alilijenga. Watu walipanda kuomba jua linapozama, saa ya kuwasha taa. Jamna hakuwahi kufika. Alizoea kusema Mungu akimtaka, nyumba yake anaijua. Lakini kesho yake alifunga kitambaani nazi na maua ya manjano, sadaka ya kumwomba Mungu Keshav asihame, akamtwika Hansa, wakaondoka. Hansa alizaliwa upande wa pili wa kilima, na njia aliijua.

Chini ya ngazi wakavua viatu. Jamna alikuwa ameshaanza habari ya wezi wa viatu, Hansa akamgusa bega.

"Mama, hapa kuna sharti. Mwenye ombi hasemi neno mpaka agonge kengele ya juu. Akisema, ombi linabaki njiani."

"Hata neno moja?"

"Hata kuguna, mama."

Jamna akakitazama kilima, akalitazama jua. Akamfikiria yule mbuzi. Akafumba mdomo.

Wakapanda. Kimya kilimkaa Jamna kama nguo ya kuazima. Tumbili alimpokonya mzee mmoja ndizi, na Jamna alikuwa na la kumwambia tumbili na la kumwambia mzee. Akanyamaza. Maneno yakamwasha kooni kama pilipili.

Kisha akasikia sauti. Ilikuwa ya Hansa.

"Hapa ndipo marehemu mama alipouzia maua. Mimi nilikaa pale kwenye jiwe, napiga domo na kila anayepita. Watu waliniita kasuku."

Jamna akageuka kumtazama. Kasuku?

"Na dengu, mama, najua kuzipika. Kwetu tunatia ukwaju. Lakini kila nikishika mwiko, wewe umeshaonja, umeshasonya, umeshaongeza chumvi."

Jamna alitoa macho. Jibu la hilo alikuwa nalo, refu, lenye mifano. Akauma upindo wa sari yake.

"Wala usimlaumu Keshav. Yeye mjini hataki, hata usingizi hapati. Ninayetaka ni mimi. Huko simjui mtu, lakini angalau nitaanza neno nilimalize."

Wakapanda kidogo. Hata Hansa alikuwa anatafuta pumzi.

"Na kuna lingine. Nina mimba, mama. Nimejaribu kukuambia tangu mvua zianze. Siku ile ukanikatiza, ukauliza mbuzi kafungwa na nani. Siku nyingine ukanikatiza kwa habari ya jirani aliyezaa."

Jamna akasimama. Mjukuu. Neno lilimjaa kinywani kama uji wa moto, kulimeza hawezi, kulitema hawezi. Akamnyang'anya Hansa furushi la nazi, akalibeba mwenyewe, akapanda mbio kama mtu aliyebanwa na haja.

Huko juu jua lilikuwa limeyapaka mawe ya hekalu rangi ya manjano ya binzari, na kijiji chao kilionekana chini kama dengu zilizomwagika. Kuhani kijana, mnene, alikuwa akiwasha taa. Jamna akaivamia kengele, akaigonga hata njiwa wote wakaruka.

"Taratibu, mama," kuhani akasema. "Mungu si kiziwi."

"Niache niigonge. Nimepanda kilima kizima sijasema neno, kwa sharti lenu."

"Sharti gani?"

"La kunyamaza."

Kuhani akakuna kichwa. "Hapa sharti letu ni viatu tu. Watu hupanda wakiimba."

Jamna akageuka polepole. Hansa alikuwa amefika, analitazama jua kwa bidii sana.

"Umenidanganya wewe. Hekaluni."

"Chini ya ngazi, mama. Hekaluni tulikuwa hatujafika."

Kuhani aligeukia taa zake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Jamna akafungua mdomo. Yote yalikuwa yamejipanga humo, ya uongo, ya chumvi, ya wasichana wa siku hizi. Akaliona tumbo la Hansa likipanda na kushuka kwa kuhema. Akaufunga mdomo, safari hii bila sharti la mtu.

Akaketi juu ya jiwe, akapangusa nafasi kando yake kwa upindo wa sari.

"Haya, kasuku, kaa," akasema. "Anza tena pale kwenye ukwaju."

Mavuno yalipoisha, hakuna aliyehama. Dengu za nyumba ile sasa zina ukwaju, na Jamna huzila akinung'unika kwa macho tu.

Funzo: Kabla hujapanda kilima kumwomba Mungu akufungulie moyo wa mtu wa nyumbani kwako, funga kwanza mdomo wako, huenda siku zote alikuwa anangoja zamu yake ya kusema.