Mheshimiwa Aliyeilinda Katiba

Wapendwa, leo mtanivumilia, nitapitia bungeni kabla ya kufika kwenye Neno. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja, mjumbe wa bunge la kaunti. Siku ya kuapishwa aliinua mkono akanguruma mpaka vipaza sauti vikapiga kelele: "Nitaitii, nitaihifadhi na kuilinda Katiba!" Wakampa nakala yake, mpya, bado inanukia wino.

Basi akaenda kuilinda kwelikweli. Alimwita fundi amtengenezee kabati la kioo sebuleni. Katiba akaivika nailoni, akailaza juu ya kitambaa cha kufuma, akatia kufuli. Wageni walionyeshwa kabla hata ya chai. Mkewe aliruhusiwa kupangusa kioo. Kukigusa kitabu chenyewe? Thubutu!

Siku moja akaja Mama Mghoi, muuza uji sokoni. Msimamizi wa soko alikuwa amemfungia kibanda bila barua, bila kumwuliza neno.

"Mheshimiwa, niangalizie humo. Mtu anaweza kufungiwa riziki yake hivihivi tu?"

Mheshimiwa akakohoa. Humo hakuwa amewahi kuangalia. "Mama, hiki si kitabu cha kushikwashikwa. Niliapa kukilinda."

"Unakilinda ili nani asikichukue, mwanangu? Mimi?"

Mheshimiwa akainuka. Akamletea soda.

Mama Mghoi akanywa soda, akaenda kwa mwalimu jirani yake, akaazima nakala iliyong'oka jalada. Wiki mbili akasoma huku anakoroga uji. Kisha akamwendea msimamizi wa soko, kidole kikiwa juu ya mstari: mwananchi hachukuliwi hatua bila kupewa sababu na kusikilizwa. Kibanda kikafunguliwa siku hiyohiyo.

Haukupita mwaka, mheshimiwa akakorofishana na spika wa bunge. Akasimamishwa vikao vyote, naye hakuulizwa neno. Akarudi nyumbani anafoka tangu mlangoni.

"Leo watanijua! Mama watoto, lete ufunguo!"

Akafungua kabati, akakishika kitabu. Mbona chepesi hivi? Akafunua jalada. Ndani, udongo! Mchwa walikuwa wamepanda ukutani, wakapenya nyuma ya kabati, wakaanzia utangulizi, wasisaze hata jedwali la mwisho. Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Baba watoto, angalau hao wamekipitia chote!"

Kesho yake asubuhi, mheshimiwa alikuwa kwenye foleni ya uji, ndani ya suti, nyuma ya wasukuma mikokoteni. Zamu yake ilipofika aliinama akanong'ona: "Mama, mtu akisimamishwa bila kusikilizwa, katiba inasemaje?"

Mama Mghoi angeweza kumletea soda. Hakufanya hivyo. Akafuta mikono, akasogeza benchi. "Keti tusome. Ila kwa sauti, na hawa wasikie."

Wakasoma, mheshimiwa akifuatisha neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwanzoni aliona aibu, jasho likamtoka. Halafu akasahau aibu, akawa anasikia yale maneno.

"Mama, haya yote yalikuwa humu?"

"Humuhumu. Hayakuwa yamefichwa."

Naona mnacheka. Haya, chekeni. Lakini sisi je? Nani hapa hana Biblia yenye zipu, ile isiyowekewa kikombe juu yake, ile ya kubebwa Jumapili tu? Tuliapa siku ya ubatizo, tukaapa siku ya ndoa, tunapiga kura, kisha tunawaachia wengine kusoma tulichoapia. Na hiyo tunaiita heshima! Ndugu yangu, siku utakapoonewa, jalada litakusemea nini? Siku wewe mwenyewe utakapomwonea mwenzako, ni ukurasa gani utakaokuzuia, kama hukuufunua?

Kwa hiyo leo ibada ikiisha, msipange foleni mlangoni kuniambia, mchungaji, umehubiri vizuri. Nendeni nyumbani mkafungue. Nami nitakuwa mbioni kwenda kufungua ya kwangu, kwa sababu mfano huu, wapendwa, sikuutoa mbali.